Mwamba Uliponyamaza

Jumatatu, 16 Novemba 1964

Asubuhi Kwale, mahakamani. Wizi wa mbuzi, kesi imeahirishwa tena. Mbuzi mwenyewe, ambaye ndiye kielelezo, amezaa akisubiri haki. Mhariri atalikata hilo.

Mchana nikapiga simu Mombasa. Nilimweleza mhariri habari za Kinango: mvua za vuli zimewapita kando, watu wanagombea dimbwi na ng'ombe. Akasema Kinango hukauka kila mwaka. Kweli, hukauka. Anachotaka yeye ni safu mbili juu ya Mzungu wa hotelini Diani anayetunga muziki wa piano kuhusu mwamba wetu wa pwani. Atautumbuiza hapo hotelini Jumapili ya tarehe sita, wiki moja kabla ya Jamhuri. Wakubwa watahudhuria. "Utamaduni, bwana," akasema. Neno hilo limeingia ofisini kwetu baada ya uhuru, pamoja na feni mpya.

Alasiri baraza la chifu, Diani. Tangazo moja tu. Kuanzia bamvua hii hakuna ruhusa ya kukanyaga mwamba ulio mbele ya hoteli mpaka tamasha lipite. Amri ya bwana afisa wa wilaya. Sababu: mtunzi anasumbuliwa na kelele za wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza.

Bi Mwanamisi, mwenye nyumba ninamopanga chumba, alisimama nyuma na wenzake. Akauliza kwa adabu zote:

"Shikamoo chifu. Huyo piano ana homa?"

Watu wakaangua kicheko. Chifu akatazama viatu vyake.

Mimi sikucheka sana. Naijua hali ya nyumba ile. Kwetu shimo la pweza lina mwenyewe. Mama humrithisha binti, wala si kwa maneno. Siku za bamvua, maji yakipwa mpaka mwisho, huenda wawili, na mama humwekea binti mkono wake juu ya kila shimo. Shimo ambalo binti hajatoa pweza kwa chuma chake mwenyewe cha kuchokolea si lake. Mama akiacha kwenda, ni la yeyote. Bega la kulia la Bi Mwanamisi limekwisha. Bintiye Mwanasha karudi na talaka kutoka Msambweni, mtoto mgongoni. Bamvua hii ndiyo ilikuwa ya kumwonyesha mashimo. Asipoyapata, kuna kazi ya kufua mashuka hotelini.

Kwa hiyo mama na binti wamesimamishwa ili Mzungu asikie mawimbi.

Jumatano, 18 Novemba

Nimekutana na mtunzi. Bwana Pelham. Miaka sitini na kitu, suti nyeupe, viatu vyeupe, viatu visivyo na chembe ya mchanga. Amekaa miezi mitano juu ya bahari na hajalowesha kisigino. Anaogopa jua na miiba ya fuma wa mwambani. Bahari anaitazama kutoka barazani, maji ya ndimu mkononi.

Alinieleza juu ya maumbile ambayo binadamu hajayagusa. Wakati akisema hivyo, mtumishi mmoja alikuwa akimpepea na mwingine akifagia majani ya mvinje yaliyothubutu kuanguka karibu na kiti chake. Niliandika yote mawili.

Kisha akapiga. Muziki wenyewe una sehemu nne, ya mwisho haijakamilika. Ni ule mtindo wa kupaka sauti kama rangi iliyomwagikiwa maji. Mkono wa kulia unamwaga vijisauti vidogo vidogo, mguu unakanyaga chini ili visikatike, kimoja kinayeyukia kingine. Hakuna kiitikio. Nimezoea taarabu, wimbo hukuambia unakokwenda, ukaenda nao. Huu unazurura. Nikaandika: unazurura.

Sehemu ya tatu ikaingia mkono wa kushoto, upande wa sauti nzito. Mapigo mawili. Kituo. Pigo moja. Mawili. Kituo. Moja.

Niliacha kuandika.

Akanieleza huku akitabasamu kama mtu aliyeokota lulu. Hiyo, anasema, ni sauti ya bahari ikiingia pangoni chini ya ukingo wa hoteli na kupiga dari lake. Aliisikia wiki ya kwanza. Anaiita moyo wa mwamba.

Hakuna pango. Nimezaliwa Gazi, nimeogelea ufuo huu tangu nivue nepi ya utotoni, na chini ya ukingo ule hakuna tundu la kuingiza paka. Kuna jiwe moja bapa. Hapo ndipo wanawake humpiga pweza alainike kabla ya kumpeleka nyumbani, na kutoka barazani hawaonekani. Mapigo mawili, kisha kusita ili kumgeuza pweza na kupumzisha bega, kisha pigo moja la kumalizia. Wenzake hawapigi hivyo. Ni Bi Mwanamisi peke yake.

Bwana huyu ameliandika hata bega lake. Halafu amemfukuza.

Sikumwambia. Habari hii ni tamu mno kuitoa mapema. Nitaichapisha siku itakayofuata tamasha, akiwa bado anapokea pongezi.

Ijumaa, 20 Novemba

Bamvua. Maji yamepwa mbali, mwamba uko wazi wote. Askari wa hoteli amesimama ufukoni na rungu, analinda mawe. Juu ya mwamba kuna ndege tu, koikoi.

Bi Mwanamisi alishinda uani akisuka makuti ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Jumamosi, 21 Novemba

Mkosi umempata Bwana Pelham. Bahari imenyamaza.

Nilimkuta barazani, nywele hazijachanwa. Jana hakusikia kitu, leo hakusikia kitu. Moyo wa mwamba umesimama, na sehemu ya nne inategemea moyo huo. Akaniuliza kama ni mabadiliko ya upepo. Nikasema inawezekana. Akauliza kama wenyeji wana imani yoyote juu ya jambo hilo. Nikasema sijasikia.

Mwenye hoteli kahisi kwamba mafundi waliojenga ukuta mwezi uliopita wameziba pango kwa mawe. Wakatumwa watunza bustani wawili, na taa, walizibue. Watu wazima wawili wakatambaa kwa magoti chini ya ukingo, asubuhi nzima, wakitafuta pango. Wote wawili ni wenyeji. Mmoja wao, Bakari, ni mjomba wake Mwanasha.

Nikamfuata alipopanda juu.

"Bakari, si unajua hapana pango?"

"Najua."

"Mbona unatafuta?"

"Nimeambiwa nitafute, sikuambiwa nipate."

Siku njema kabisa. Nimeandika makala nusu.

Jumatatu, 23 Novemba

Mwanasha ameanza kufua hotelini. Alitoka alfajiri, amerudi mikono imechubuka kwa sabuni ya magadi.

Jioni nikadhani nitamchangamsha mamake. Nikamsimulia yote: piano, pango, moyo wa mwamba, Bakari na taa. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akanitazama.

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano iliyopita? Kabla ya bamvua?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo dawa unayo mfukoni, na wewe umeikalia."

Nikamweleza kwamba nitaiandika gazetini, nchi nzima imcheke yule mzee.

"Mdogo wangu," akasema, "wakimcheka, mimi nitakula kicheko chao na ugali?"

Akaingia ndani. Chai haikuletwa.

Alhamisi, 26 Novemba

Nimekwenda Kwale kwa bwana afisa, pamoja na chifu na wazee watatu wa Diani. Wazee waliomba kwa heshima. Walianza na salamu, wakaja na dua, wakafika kwenye haja: amri iondolewe kabla ya bamvua ya mwezi mwandamo, wanawake warudi mwambani.

Bwana afisa ni kijana wa bara, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Picha ya gavana wa zamani ameiondoa ukutani na alama ya fremu bado ipo. Hakuwaambia wazee wakae.

"Hiyo maneno tulishamaliza," akasema. "Serikali haiwezi kusema leo hivi na kesho vile. Na wageni wamependa hiyo utulivu. Hoteli inaomba tuiendeleze hata baada ya tamasha."

Mzee mmoja akauliza: mpaka lini?

"Mpaka tuone."

Basi si suala la bamvua moja tena. Wanakusudia kuufunga mwamba kabisa. Kwa miaka mingi mkoloni alikuwa juu ya kilima hiki na wanawake wakachokoa pweza wao. Tumepata uhuru, tumepata kijana wa kuwazuia.

Kurudi, wazee walitembea mbele. Chifu akanong'ona kwamba ninyi watu wa magazeti mna nguvu.

Jumapili, 29 Novemba

Nimemwambia.

Nilikwenda saa ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wake ukianguka. Nisiposema hivyo nitakuwa najidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nikamweleza kwa Kiingereza kilichonyooka. Hapana pango. Ni wanawake watatu, jiwe bapa na pweza. Wale aliowafukuza.

Hakubisha. Wekundu ukampanda kutoka kolani mpaka masikioni. Nikangoja aseme ninamtania, au aite askari. Akaniuliza:

"Wote watatu hupiga sawa?"

"Hapana."

"Yule anayesita baada ya mapigo mawili. Kwa nini husita?"

"Bega."

Akaketi kwenye piano. Akapiga mkono wa kushoto peke yake, taratibu: mawili, kituo, moja. Akarudia, kituo kikawa kirefu kidogo. Akaniangalia, kama anayeuliza. Nikajikuta natikisa kichwa: bado. Akakirefusha. Sasa ndicho.

Nimekereka na kichwa changu mpaka usiku huu.

Jumatano, 2 Desemba

Amri imeondolewa. Chifu katangaza msikitini baada ya alasiri.

Nimefuatilia, ndiyo kazi yangu. Jana Bwana Pelham aliomba simu ya hoteli, akazungumza na bwana afisa. Karani wa afisa aliyekuwepo ananiambia mazungumzo hayakufika muda wa kuvuta sigara. Afisa alisema "ndiyo, bwana" kila upande wa pili ulipotulia. Serikali ambayo haiwezi kusema leo hivi na kesho vile ikasema vile.

Wazee watatu, chifu, salamu na dua: hapana. Mzungu mmoja, simu moja: ndiyo. Kama ningekuwa naandika hadithi ningeliona hilo limezidi. Naliandika jinsi lilivyo.

Pelham kanituma kwa Bi Mwanamisi. Anamwomba radhi. Tena anauliza kama siku ya tamasha anaweza kupiga pweza saa tano kamili, sehemu ya tatu itakapoanza.

Nikaufikisha ujumbe bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa akinoa chuma chake kwenye jiwe.

"Radhi nimempa. Hilo la pili amwambie pweza."

Ijumaa, 4 Desemba

Maji yamepwa vizuri. Mwanasha hakwenda kufua. Nilisimama ufukoni na viatu mkononi, nikawatazama wakienda mbali mpaka wakawa vijiti viwili, kimoja kimeinama daima upande wa kulia.

Wanainama. Mama anaushika mkono wa binti, anauweka chini. Wanasimama. Wanasogea. Wanainama tena.

Mwanasha karudi na pweza wawili, na mkwaruzo wa tumbawe kwenye goti. Mashimo aliyoonyeshwa ni mengi. Aliyotoa pweza ni mawili. "Mengine kesho na keshokutwa," mamake akasema. Akanywa maji, akalala chali kwenye mkeka, mkono wa kulia ameuweka kando kama mzigo wa mtu mwingine.

Jumapili, 6 Desemba

Tamasha lilifanyika kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa Jumapili hoteli hupika biriani ya Kizungu na wageni hawapendi ipoe. Ukumbi ulijaa. Walowezi wa zamani safu za mbele, wakubwa wapya safu ya mbele zaidi. Waziri hakuja, kamtuma mwakilishi. Bwana afisa alivaa tai yenye rangi za bendera na kuwaonyesha watu viti vyao walivyokuwa wamekwisha kuvikalia.

Mwenye hoteli alisema machache juu ya uzuri wa maumbile ya pwani. Hakusema kwamba mwambani kulikuwa na watu.

Pelham akaingia, akaenda mwenyewe kufungua madirisha yote ya upande wa bahari. Mama mmoja akalalamikia upepo. Hakumsikia, au alimsikia.

Sehemu ya kwanza ikapita. Mwakilishi wa waziri alikuwa amefumba macho kwa sababu zake. Ya pili ikapita. Piano imeingia chumvi, sauti mbili za juu zinalia kama bawaba. Ya tatu ikaanza, mkono wa kulia ukimwaga yale maji yake. Na kabla mkono wa kushoto haujaingia, sauti ikapanda kutoka chini ya ukingo.

Mawili. Kituo. Moja.

Haikuwa saa tano kamili. Pweza alikuwa amepatikana, basi.

Pelham akainua mikono yote miwili kutoka kwenye piano na kuiacha hewani. Hakupiga tena. Alikuwa akisikiliza, shingo imeelekea dirishani, mdomo wazi kidogo. Mawili. Kituo. Moja. Ukumbi mzima ukamtazama mzee aliyenyanyua mikono.

Bwana afisa akaona mikono iko juu, akajua muziki umekwisha. Akapiga makofi. Mwakilishi akazinduka, akapiga makofi kwa nguvu zaidi. Kisha wote, wamesimama. Makofi yakaufunika mwamba na kila kilichokuwa juu yake.

Pelham hakuinama. Makofi yalipokufa bado alikuwa ameketi, na chini kule pweza bado alikuwa akipigwa. Mama wa upepo akauliza hizo kelele ni za nini. Mtu akamjibu: jikoni. Wakaenda kula.

Sehemu ya nne haikupigwa. Hakuna aliyeiulizia. Mwakilishi wa waziri aliniambia, akitafuta paja la kuku, kwamba muziki huo umemkumbusha utotoni kwao. Kwao ni mbali na bahari kuliko Kinango.

Nimehudhuria mikutano mingi ya wajinga katika kazi hii. Huu nauweka juu.

Jumanne, 8 Desemba

Gazeti limefika. Katika safu zangu mbili imebaki picha ya bwana afisa akimpa mkono Bwana Pelham, na maelezo ya mstari mmoja: utamaduni wastawi Diani. Jina la Bi Mwanamisi halipo. Neno pweza halipo.

Nikampigia mhariri. Alisema makala ilikuwa nzuri lakini ina dharau. Nikamwambia ndiyo, imejaa dharau, na kila sentensi ni ya kweli. Akasema nimpelekee habari za Kinango, huenda akapata nafasi.

Bi Mwanamisi kaichukua ile karatasi kufungia dagaa.

Jumatatu, 21 Desemba

Bamvua tena. Kaskazi imeshika, joto.

Pelham aliondoka wiki iliyopita kupitia Likoni. Hakuaga ila watumishi wawili na mimi. Piano imefunikwa shuka. Mwamba uko wazi, na askari wa hoteli amerudishwa getini.

Mwanasha sasa huenda peke yake. Mashimo yote ni yake. La mwisho alilitolea pweza jana. Mamake hatakwenda tena, bega limekataa hata kusuka. Chuma chake kimetundikwa ukutani kwa Mwanasha, kwenye misumari miwili.

Mchana tulikuwa uani. Upepo ulipotulia tukamsikia Mwanasha akipiga pweza kule chini. Anapiga kwa nguvu, mfululizo, pigo juu ya pigo. Bega zima. Hasiti.

Nilikuwa mezani naandika habari ya maji Kinango. Bi Mwanamisi alinipa kisogo, akikuna nazi kwa mkono wa kushoto. Sikutambua kwamba vidole vyangu vilikuwa vikigonga ukingo wa meza mpaka mbuzi ya nazi iliponyamaza.

Hakugeuka.

"Hapo kwenye kusita," akasema, "unaharakisha."

Nikapunguza mwendo.